Silinda Niliyompimia Mkwe Wangu

Unywele wa kichwa changu una unene wa senti saba. Niliupima mwenyewe zamani, nikiwa kijana wa karakana katika kiwanda cha sukari, siku ambayo msimamizi wetu alimwambia kila mmoja wetu ang'oe wake aupime, ili tukisema "kidogo" tujue tunasema nini. Senti ndilo lilikuwa neno letu pale: chukua milimita moja, igawe mara mia, kila kipande ni senti. Mtu wa nje akitusikia alidhani tunahesabu pesa. Nimeishi na senti hizo maisha yangu yote ya kazi, na kiwandani hazikuwahi kunipotea. Ziliponipotea nilikuwa nimekwisha kustaafu, niko kwenye kibanda changu mwenyewe hapa mjini Kakamega, na aliyeumia ni mume wa binti yangu.

Lazima nianze na mambo ya ukwe, la sivyo msomaji wa mbali atatuona wajinga wote wawili. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mama mkwe ndiye hasa. Mke wangu hajawahi kumpa mkono mume wa binti yetu, wala kula naye meza moja. Akituletea chai kibandani, huiacha juu ya kigoda nje ya mlango, anakohoa, kisha anaondoka. Sisi tunasubiri hatua zake zipotee ndipo mmoja wetu atoke kuichukua. Kwa baba mkwe mambo si makali hivyo. Tunasalimiana, tunaketi, hata kucheka tunacheka, mradi kicheko kiwe na adabu. Lakini kuna jambo moja halifanyiki: mkwe hamwambii baba wa mke wake kwamba amekosea. Akiona kosa, analizunguka. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Siku moja baba mkwe wangu alinielekeza njia ya Matete ambayo haikuwa ya Matete, nami nikaifuata mbele ya macho yake mpaka nilipofichwa na mahindi, ndipo nikakata shambani nikarudi kwenye barabara ya kweli. Alikufa akiamini kwamba njia yake inafika.

Kwa hiyo wazee wa ukoo walinung'unika mkwe wangu alipohamishia kazi yake kibandani kwangu. Ilikuwa hesabu ya kazi tu. Yeye ni fundi wa pikipiki, anafungua injini. Mimi nina lathe ya kukerezea vyuma na mashine ndogo ya kuchongea silinda. Kubeba vyuma kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine kila siku kulikuwa upuuzi. Mzee mmoja aliniuliza kama nataka kumzeesha kijana wa watu kabla ya wakati wake, ashinde mchana kutwa ameinamisha kichwa mbele ya mkwe. Nikamjibu kwamba heshima si utumwa, tutajua jinsi ya kukaa. Nilijibu haraka mno.

Na kweli, kwa muda tulikaa vizuri. Nilimpenda yule kijana, na nasema wazi kwamba nilimwonea wivu pia, kwa sababu ya kidole chake gumba cha mkono wa kulia. Alikuwa akikipitisha ndani ya silinda iliyochakaa, polepole, amefumba macho, halafu anasema, "Imekulika huku, upande wa ekzosi, karibu na juu." Mimi nilikuwa nikingoja aende kunywa maji, kisha napima kwa siri. Kila mara nilimkuta amesema kweli. Mimi nilihitaji miaka na vyombo vya bei kujua kile ambacho yeye alikijua kwa ngozi. Sikumsifu hata siku moja. Nilikuwa nikisema "mh," basi.

Halafu ikaja ile injini ya mbio.

Siku za mapumziko vijana wa pikipiki wa huku hukutana kwenye kilima fulani cha barabara ya vumbi upande wa Shinyalu, wakashindana kukipanda wawili wawili. Hakuna zawadi ya maana. Kuna jina. Fundi ambaye injini yake imepanda vizuri siku hiyo, wiki inayofuata hana nafasi ya kukaa chini kwa wingi wa wateja. Miaka miwili mfululizo waliokuwa wakishinda walitoka Matete, na injini zao zilijengwa mbali na huku, na fundi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Jambo hilo lilimuuma mkwe wangu. Alitaka ijulikane kwamba injini inaweza kujengwa hapa hapa Kakamega, kuanzia chuma cha kwanza hadi cha mwisho, na ikashinda. Mimi nilitaka vilevile, ila kwa sababu zangu. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa akitaja mikono yangu.

Alichukua injini ya kawaida ya bodaboda, ile yenye ujazo wa sisi (cc) mia moja na hamsini. Akasaga njia za hewa kwenye kichwa cha injini mpaka zikang'aa, akabadilisha kemshafti inayofungua valvu, akaweka karabureta kubwa zaidi. Kisha akapata pistoni, ule moyo unaopanda na kushuka ndani ya silinda. Rafiki yake aliyefanya kazi ng'ambo alimletea moja ya kufuliwa kwa nyundo, siyo zile zetu za kumiminwa kwenye kalibu, ikiwa ndani ya kisanduku kizuri kilichonitia kiburi hata mimi nisiyekinunua. Ilikuwa kubwa kuliko ya zamani, na kwa hiyo silinda ilibidi ipanuliwe ili iipokee. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Kati ya pistoni na ukuta wa silinda lazima kuwe na nafasi. Pistoni ikipata moto inavimba. Ukiiachia nafasi kubwa mno itagonga na kunywa oil. Ukiiachia ndogo mno itavimba, itashika ukuta, na injini itakwama ikiwa katikati ya mbio. Pistoni ya kumiminwa inataka senti tatu. Ya kufuliwa inavimba zaidi, na kwa injini ya mbio tulikubaliana senti sita. Unywele mmoja, ukiupunguza senti moja. Yote tuliyoyatamani yalikuwa ndani ya nafasi hiyo.

Sasa niseme lile ambalo nimelikwepa mpaka hapa. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Si sana. Kikombe kilifika mdomoni bila kumwagika, lakini uzi haukuingia tena kwenye sindano. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu, ambaye bila shaka alikuwa ameona zamani na akanyamaza. Asubuhi ya kazi ile, nikiwa natoa maikromita, chombo cha kusomea senti, kwenye kisanduku chake, ilinitoka. Ikagonga ukingo wa vaisi ya kubania vyuma, ikaanguka kwenye saruji.

Maikromita ikianguka sheria ni moja. Ndani ya kisanduku chake kuna kijiti cha chuma ambacho urefu wake ni milimita hamsini kamili. Unakibana, unasoma. Ikisema hamsini, endelea na kazi. Ikisema kitu kingine, imepinda. Irekebishe au iweke kando. Ni kazi ya nusu dakika. Kiwandani niliwahi kumfukuza kijana kutoka kwenye mashine yangu kwa kuiruka nusu dakika hiyo, nikamtukana mbele ya wenzake.

Nilipoinuka na maikromita mkononi, mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Pole, baba," akasema.

"Hiki ni chuma, si yai," nikamjibu, nikaipangusa kwa shati.

Akageuka akaangalia kalenda ukutani, kwa adabu, kana kwamba tarehe ilikuwa imemtatiza. Kijiti kilikuwa palepale, umbali wa mkono. Ningekitoa ningekuwa nakiri mbele ya mkwe kwamba mikono yangu haishiki tena. Kuangusha alikwisha kuona. Sababu ya kuangusha nilitaka asiione. Nikafunga kisanduku.

Nilichonga asubuhi yote. Unachonga kidogo, unasimamisha mashine, unaingiza ndani ya silinda chombo kinachojipanua mpaka kiguse kuta, unakitoa, unakisoma kwa maikromita, unachonga tena. Pistoni yenyewe sikuipima. Ukubwa wake ulikuwa umeandikwa juu ya kichwa chake, milimita sitini na mbili, nami nikauamini mwandiko wa watu wa ng'ambo kuliko macho yangu. Saa saba mchana maikromita ikasema sitini na mbili na senti sita. Nikaisoma kwa sauti, kama hakimu. Mkwe wangu akashukuru, akaibeba silinda kwa mikono miwili hadi upande wake wa kibanda.

Nilikuwa nanawa mikono wakati anaijaribu. Aliipindua pistoni bila ringi zake, akaiingiza mdomoni mwa silinda. Pistoni yenye nafasi ya senti sita hushuka yenyewe kwa uzito wake. Sikuiona ikishuka. Nilimwona yeye akisita. Akaitoa, akaingiza kidole gumba, akakipitisha pande zote, akakirudisha tena pale alipoanzia. Halafu akaniangalia.

"Kuna nini, mkwe?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, baba. Nilikuwa naona tu vile imeng'aa."

Namkumbuka alivyosema, na nakumbuka kwamba nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua kuna kitu. Ningeweza kusema, "Ebu lete niipime tena." Maneno manne, matano. Badala yake nilikwenda kunywa chai iliyokuwa imepoa mlangoni.

Alifunga injini, na kwa wiki mbili kabla ya mashindano akafanya jambo lililowachekesha watu wa stendi nzima ya bodaboda. Kila asubuhi alikuwa akiendesha ile pikipiki ya mbio hadi Isecheno, msituni, na kurudi, kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Baiskeli zilimpita. Akina mama wenye kuni kichwani walimpita wakati wa kupanda. Tanki lake lilikuwa na petroli aliyoichanganya na oil. "Mwenda pole hajikwai," walimtania, "lakini wewe hata kufika hutafika!" Alikuwa akitabasamu tu. Ni kweli kwamba injini mpya hulainishwa polepole, lakini wiki mbili niliziona nyingi. Niliona kama ananionyesha kwamba kazi yangu ni ya kudekezwa. Jioni moja nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda hata wakati ule, "Mkwe, hiyo injini niliichonga ikimbie, si itembezwe." Akasema, "Ndiyo, baba."

Siku ya mashindano nilivaa shati langu zuri. Mke wangu alikuja na binti yetu, wakasimama mbali na sisi, ng'ambo ya barabara, kama desturi inavyotaka. Mpandisho wa kwanza mkwe wangu alishinda kwa urahisi, bila kukaza sana. Watu wakaanza kuuliza ile silinda imechongwa na nani, na mtu mmoja akaninyooshea kidole. Sitaki kusema jinsi nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Mpandisho wa pili alipangwa kushindana na kijana wa Matete. Hapo hakuna kuendesha polepole. Walitoka pamoja, wakapita mbele yetu pamoja, na mkwe wangu akaifungua injini yote. Niliisikia ikiimba. Kisha, karibu na juu kabisa, pale penye majani ya chai pande zote mbili, sauti ikakatika. Haikufifia, ilikatika. Gurudumu la nyuma lilikwama likaburuta mstari barabarani, na pikipiki ikamtupa.

Tulimkuta amekaa kwenye mtaro, ameshikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimegeuka kwa namna ambayo kifundo hakigeuki. Binti yangu alifungua leso akamfunga. Watu walijaa, na kila mtu akawa na swali lile lile: injini imefanya nini?

"Ni mimi," mkwe wangu akasema. "Sikuangalia oil. Nilisahau. Ni makosa yangu."

Alisema akiniangalia mimi, nami nikaangalia chini. Nilipata nafuu moyoni. Naliandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo neno lenyewe. Kijana ameketi pale mkono umevunjika, na mimi nikapata nafuu.

Alipokuwa hospitalini niliifungua injini peke yangu. Oil ilikuwepo, imejaa hadi kwenye alama. Pistoni ilikuwa imechubuka pande zote, na ukuta wa silinda una mikwaruzo kutoka juu hadi chini. Mtu yeyote wa kazi hii anajua kuisoma hali hiyo: nafasi haikutosha. Kisha nikafungua kisanduku, nikatoa kile kijiti cha milimita hamsini, nikakibana. Maikromita ikasema hamsini na senti nne.

Kila kitu ilichopima siku ile ilikiongezea senti nne. Niliposoma sita, kulikuwa na mbili. Na la kuchoma zaidi ni hili: ningeipima na pistoni kwa maikromita ile ile iliyopinda, nayo ingeongezewa senti nne, nafasi ingetoka sawa, na kosa lingejifuta lenyewe. Hata chombo kibovu kingeniokoa kama ningekitumia kwa unyenyekevu kidogo.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka mzima. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mimi nilimlea mjukuu huyo nyumbani kwangu kila siku. Mkono wa mkwe wangu uliunga vibaya. Kifundo hakizunguki sawasawa, na kidole gumba kimekufa ganzi. Ukikigusa na kitu cha moto, hajui mpaka anuse ngozi ikiungua. Alinunua vanier ya kidijitali, chombo cha kupimia chenye meno na skrini ndogo, akaanza kupima kila kitu kama mwanafunzi. Wateja walipungua. Waliobaki walipita kibandani wakimsalimu, "Fundi, umeweka oil?" wakicheka. Naye alicheka. Mimi kila niliposikia salamu hiyo niliwasha lathe, hata kama haina kazi, ili pawe na kelele.

Ni binti yangu aliyenivunja. Alikuja nyumbani siku moja ya Jumapili baada ya kanisa, akamsaidia mama yake kupika ingokho, kuku wa kienyeji, na tulipokwisha kula akabaki nami mezani.

"Baba," akasema, "kuna kitu nyinyi wawili hamuambiani. Yeye anarudinga nyumbani ananyamaza. Wewe mama anasema unanyamazanga. Mtaheshimiana hivyo mpaka lini?"

Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akasema mambo hayo ya kazi ndiyo yanayomlisha yeye pia. Kesho yake nilimngoja mkwe wangu kibandani, nikamwomba aketi.

Nilimweleza yote. Maikromita kuanguka, kijiti, senti nne, pistoni ambayo sikuipima. Nilimweleza hata kuhusu mikono, nikainyoosha mbele yake aione ikitetemeka. Nikamwambia, "Oil ilikuwa imejaa. Niliiona. Niliwaacha watu wakucheke kwa kosa langu." Nikasema nisamehe. Sijui kama baba mkwe mwingine yeyote wa kwetu amewahi kulisema neno hilo kwa mkwe wake; mimi nililisema.

Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilijua, baba," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku hiyo hiyo. Pistoni ilikataa kushuka. Nikapeleka silinda kwa fundi mwingine huko chini ya soko, ako na lathe na geji ya kupimia, lakini mashine ya kuchonga silinda hana. Akaniambia nafasi iko mbili."

"Ukaifunga hivyo hivyo?"

"Nilifikiria nikiitembeza polepole siku nyingi, itajifungua yenyewe. Ndio maana nilikuwa naendanga Isecheno."

Wiki mbili za baiskeli kumpita. Wiki mbili za kuchekwa, na mimi nikiwa miongoni mwa waliomkejeli, wakati yeye alikuwa akijaribu kuzisaga senti zangu nne kwa upole, asubuhi baada ya asubuhi, ili nisijue. Na siku aliyopanda kile kilima alijua anakalia nini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Nilikuwa karibu kupiga kelele.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Sasa ningekuambia aje, baba?"

Nikamwambia nitatoka mlangoni sasa hivi, niende stendi, niwaambie watu wote kwamba injini iliharibiwa na mimi. Akasimama haraka. "Hapana, baba. Tafadhali. Ukisema hivyo wataniuliza mimi ni mkwe wa aina gani, nilimwachia baba aibu yake abebe mwenyewe. Afadhali hiyo ya oil. Hiyo nimeizoea." Alisema kwa unyenyekevu, lakini alikuwa amesimama kati yangu na mlango. Nikarudi nikaketi. Mpaka leo sijawaambia, na sijui kama nilimtii kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Lakini siku ile nilimwekea sharti. Nilimwambia kwamba kuanzia sasa, kila kitu nitakachochonga, yeye akipime kwa vanier yake kabla ya kukifunga popote, na kikiwa kibaya aniambie usoni. Nikasema si ombi, ni amri ya baba. Akakubali. Nikamfanya arudie. "Nitakuwa nakuambia, baba," akasema. Tukapeana mikono, yeye kwa ule wake usiozunguka. Nilikwenda nyumbani nikala obusuma, ugali wetu, vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mke wangu akauliza nimepatwa na nini.

Zikapita wiki tatu. Kila nilichochonga alikipima, na kila alichopima kilikuwa sawa. Nikaanza kujiuliza. Mtu mwenye mikono kama yangu hapati kila kitu sawa kwa wiki tatu. Nilijaribu kutofikiria hivyo, nikashindwa.

Basi juzi aliniomba nimchongee bushi ya chuma, bomba fupi la kushikia ekseli, kwa ajili ya mkono wa nyuma wa pikipiki ya mteja. Tundu lake milimita ishirini, ekseli iingie bila kucheza. Nilimchongea ya ishirini na senti hamsini. Nusu milimita nzima. Nilikosea makusudi, na nilikosea kwa ukubwa ambao hata muuza mboga angeuona. Nikaisafisha, nikaipaka oil, nikampa mkononi, nikasimama karibu naye, bega kwa bega.

Akachukua vanier. Akaingiza meno yake ndani ya tundu, akayafungua taratibu. Namba zikatokea kwenye skrini, nami niliziona kwa macho yangu kabla hajafanya lolote. Naye aliziona.

Kisha akaigeuza ile skrini ndogo kuelekea kifuani mwake, taratibu, kama mtu anayejikuna tu.

"Imetoka vizuri sana, baba," akasema. "Asante." Akaitia bushi mfukoni, akachukua kofia yake, akasema anatoka kidogo kwenda sokoni.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nimeona, kwamba nilikosea makusudi, kwamba nilikuwa nangoja anikemee na ningefurahi. Nikafungua mdomo.

"Karibu, mkwe," nikasema.